Desemba Haizimwi

Programu nyingi za muziki zinazotamba duniani zimezaliwa na baridi. Hiyo ni nadharia yangu, na hapa Homa Bay bado sijapata wa kuipinga, labda kwa kuwa hakuna anayenisikiliza ninapoieleza. Chukua mji wa Berlin. Native Instruments ilianzishwa huko mwaka 1996, Ableton ikafuata 1999, na ikifika Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini kuanzia saa kumi mpaka alale? Nje theluji, ndani kimya, jirani naye kajifungia kwake. Ataandika programu hata kama hakupanga.

Nami huandika programu za muziki. Narekodi ala zetu, nazikata sauti mojamoja, kisha nazipanga ndani ya kompyuta ili mpiga kibodi aliye Kisumu au London abonyeze tu, nyatiti ilie. Kazi hii inataka vitu viwili: stima na kimya. Kandokando ya ziwa letu hapa Homa Bay Mungu alitujalia samaki, jua na ukarimu usio na kipimo. Stima na kimya huja kwa zamu, na Desemba vyote viwili huenda likizo.

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Kwa hiyo duka langu la vifaa vya muziki ni lile lile la wavuvi, na mwenye duka kila mara huniuliza mbuta wanasemaje. Mpigaji, yaani jathum, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ala, njuga nazo zikilia mguuni, huku mdomo ukiimba. Bendi nzima imekaa kwenye kigoda kimoja. Bahati mbaya, programu haitaki bendi. Inataka uzi wa kwanza peke yake, taratibu. Uzi wa kwanza peke yake, kwa nguvu ya wastani. Uzi wa kwanza peke yake, kwa nguvu zote. Na hivyo hivyo hadi wa nane.

Hebu mweleze hayo jathum aliye rika la baba yako.

"Jaduong', naomba upige uzi mmoja tu, halafu utulie mpaka sauti iishe yenyewe."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, uzi mmoja una neno gani?"

"Hauna neno. Ndiyo maana ninautaka."

Akafikiri kidogo. "Na utanilipa kwa uzi au kwa wimbo?"

Tukaafikiana kwa wimbo. Tulipofika uzi wa tano, majirani walikuwa wameshanusa shughuli. Sasa, kwetu nyatiti hailii bila pakruok: msikilizaji husimamisha muziki, hutoa chochote, hujisifu yeye na watu wake mpaka aridhike, ndipo muziki uendelee. Hakuna sheria inayosema pakruok isubiri mtu anayerekodi. Jirani mmoja akaingia na noti ya shilingi 50, akasimama mbele ya maikrofoni na kutangaza kwamba yeye ndiye shemeji wa Karungu nzima, mwanamume ambaye hata wanaomdai humsalimu kwa adabu. Jathum akamwitikia kwa uzi wa tano, nguvu ya wastani, safi kuliko yote aliyokuwa amepiga tangu asubuhi. Sauti hiyo ndiyo iliyoingia kwenye programu. Mnunuzi akitega sikio vizuri, noti inapofifia atasikia mtu akikohoa kwa fahari.

Mchana ukiwa umenishinda, nikahamia usiku. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Maana yake, sekunde moja ya kimya ina nafasi 44,100 za kuharibika, na majogoo wa mtaa wangu wanazijua zote. Majogoo walipolala, stima ikapotea. Kompyuta yangu ikabaki ndiyo taa pekee mtaani, na sams, wale wadudu wanaofuka kutoka ziwani kwa mawingu, hawana wanachokipenda kuzidi mwanga. Nilikuwa nakagua mchoro wa sauti ya uzi wa sita, sehemu ya mwisho ambapo mstari unapaswa kunyooka kabisa, nikaona kidoa. Nikakipelekea kipanya, nikakiwekea alama, nikabonyeza kufuta. Kidoa kikatulia kidogo, kikanyoosha mguu, kikatembea hadi uzi wa saba. Nikabonyeza tena. Akaja mwenzake, wakaanza kufanya mambo ambayo hayana kitufe.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nitafute kitu cha kujipumbazia. Alisema kweli. Muziki ulikuwa starehe yangu. Tangu ugeuke ugali wangu, harusi ikipita barabarani sichezi tena, nahesabu mapigo. Nikaamua kuvua kwa ndoano. Nailoni ninayo tayari. Alfajiri nikashuka ufuoni, nikakaa juu ya jiwe na fimbo yangu wakati mitumbwi ya omena ikirudi na taa zake. Mvuvi mmoja akasimama kunitazama.

"Omera, wamekufuta kazi?"

"Hapana. Najifurahisha tu."

"Kwa kushika fimbo?"

Akaenda kuwanong'oneza wenzake. Wakarudi wote, wakanivua kofia kichwani, wakaijaza omena mpaka pomoni, wakaniambia nisikate tamaa, kazi huja na kuondoka. Hapa uvuvi ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Anayeufanya bila kutaka samaki anahitaji kuombewa.

Ikabaki likizo yenyewe. Wiki ya Krismasi nikafunga kompyuta na kuelekea nyumbani Migori. Homa Bay hadi Rodi Kopany, Rodi hadi Rongo, kisha Awendo ya miwa, ndani ya Probox iliyokuwa imebeba ukoo mzima pamoja na mifugo yake. Nauli ilikuwa imepanda, na hakuna aliyelalamika, maana Desemba nauli hupanda kwa heshima ya mtoto Yesu. Kondakta aliuchukua mkoba wangu wa maikrofoni, akauweka chini ya kuku wawili, akaniambia nisiwe na wasiwasi, hao kuku ni watulivu. Hakudanganya. Utulivu wao ulionekana wazi juu ya mkoba.

Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi ya muziki kwa kompyuta. Nilieleza, tena kwa kirefu, kazi hiyo ni ipi. Wote wakaitikia kwa kichwa, kisha wakakubaliana kwamba mimi ni DJ. Mpwa wangu akaleta flashi nimwekee nyimbo. Shangazi akaleta redio iliyokufa zamani. Jioni nikakabidhiwa harusi iliyokuwa na jenereta na spika mbili zilizompita bibi harusi kwa urefu, nikaamriwa nianze na ohangla. Baba mdogo yeye alitaka benga ya D.O. Misiani peke yake. Misiani alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kule Tanzania, na mpaka alipofariki mwaka 2006 wazee wa Migori walimhesabu wa kwao bila kuuliza kitambulisho.

"Unajua benga ilitoka wapi?" baba mdogo akanipigia kelele sikioni, spika zikiwa nyuma yetu.

Nikamwambia najua: wapiga gitaa walichukua mdonoo wa nyatiti wakauhamishia kwenye nyuzi za gitaa.

"Vizuri. Gitaa likaiga nyatiti. Kibodi ikaiga gitaa. Sasa wewe, msomi wetu, unaifundisha kibodi kuiga nyatiti. Si umerudi palepale ulipotoka, tena kwa nauli ya Desemba?"

Bado natafuta jibu.

Kesho yake nikakimbilia Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, huenda katika karne ya 16, na kuta zake hufikia mita 4. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nikasema moyoni: humu ndimo. Nikaingia kwenye uwazi wa boma, nikasimamisha maikrofoni, nikavaa vipokea sauti. Kimya cha mawe kina uzito wake, na nilikifaidi kwa muda wa kutosha kupandisha kiwango cha sauti hadi mwisho. Hapo ndipo familia moja kutoka Nairobi ilipoinama kwenye lango na spika yake ya bluetooth. Kuta zilizozuia maadui na wanyama wakali kwa vizazi hazikuwa na jibu kwa kifaa kinachotosha mfukoni. Wakanisalimu vizuri sana. Wakaniuliza kama mimi ndiye DJ.

Ndipo nilipogundua kwamba hata sisi tuna majira ya baridi, ila hayaletwi na mawingu. Huletwa na ada ya shule. Ikiingia Januari, Probox hurudi tupu, jenereta hukosa mafuta, harusi huahirishwa, na mwanamume anayesalimiwa kwa adabu na wanaomdai hupitia njia ya nyuma. Kila mtu hujifungia kwake, Kijerumani kabisa. Kimya hatimaye kipo, na stima pia ipo kwenye nyaya. Iliyokwisha ni tokeni ya kuilipia, na kila niliyedhani atanikopesha amegandishwa na baridi ile ile. Mteja wangu wa Ulaya alipouliza kazi imefikia wapi, nilimwandikia kwamba tumekumbwa na msimu mgumu wa baridi. Akanipa pole na kuniombea nivae vizuri.

Wa kwanza kubisha hodi mwaka huu alikuwa jathum, bila njuga, bila wasikilizaji. Amelifikiria upya lile suala la malipo, akasema, na sasa yuko tayari kulipwa kwa uzi. Nimemlipia nyuzi tatu. Tano zilizobaki tumepanga kuzimaliza Pasaka, naye jirani ameshaomba awekewe nafasi kwenye ule wa tano.