Mukeke Salama, Mkono Mashakani

Wavuvi wa Kabezi, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, walikuwa wamerudi na taa zao za usiku, ndagala wanamwagwa kwenye mabeseni, na mwandishi wa safu hii, mtu wa miaka 50 na ushei anayejihesabu bado kijana, akapanda mtumbwini kuchagua samaki aina ya mukeke kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa kushuka alikanyaga jiwe lenye magamba. Mkono wa kushoto ulimwinua samaki juu. Wa kulia ulitangulia kuipokea ardhi.

“Mzee, samaki yuko salama!” kijana mmoja alipaza sauti. Habari za mkono hakuna aliyeuliza.

Kila aangukaye hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili hupitia hapo, ukapanda kiwiko hadi begani. Kitakachovunjika hutegemea sana umri. Kwa watu wazima, hasa akina mama waliokwisha koma hedhi, mara nyingi ni mfupa ulio juu kidogo ya kifundo cha mkono, na mkono hupinda mfano wa uma wa mezani. Daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Alitumia macho na vidole tu.

Pale ufukoni, kila mtu alikuwa Colles. Mmoja alitangaza kwamba bega limechomoka, akakunja mikono ya shati tayari kulivuta. Ni kweli bega huchomoka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa: kichwa cha mfupa kimekaa kama chungwa juu ya kisosi. Ndiyo maana mvuvi huzungusha mkono kila upande anapovuta wavu, na ndiyo maana likitoka hutoka kirahisi, karibu kila mara kwa mbele. Lakini kulivuta kienyeji huweza kujeruhi neva au kuvunja mfupa ambao ulikuwa mzima. Hurudishwa na mtaalamu, baada ya picha na dawa ya maumivu.

Mwandishi alikumbatia mukeke wake, akakataa. Mama mmoja muuza ndagala akafungua kitenge, akauning’iniza mkono shingoni. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba bora ya siku ile, ukiacha barafu ya samaki.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Mugere, hapo jirani, kwenye jiwe linalokumbusha kwamba wasafiri Livingstone na Stanley walipita Novemba 1871. Livingstone naye alikuwa mgonjwa wa mkono. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini ya leo, simba alimrukia begani na kumvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Haukuunga sawasawa. Alipofariki, na watumishi wake Chuma na Susi walipoubeba mwili wake hadi pwani, ukafika London mwaka 1874, daktari William Fergusson aliutambua kwa mvunjiko uleule. Mwandishi alikusudia kupiga picha kando ya jiwe. Akapigwa yeye, ya eksirei.

Picha ikatoka safi. Wiki mbili baadaye bado alishindwa kukamua ndimu. Picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo uliojikunja kama korosho. “Huu huwapata zaidi vijana,” daktari alisema, na mgonjwa akatoka na plasta na kifua mbele. Furaha ilipungua alipoambiwa kwamba damu huuingia mfupa huo kwa upande mmoja zaidi; ukivunjika na kupuuzwa, kipande cha pili huweza kufa. Plasta hukaa wiki 6 hadi 12, na wengine huhitaji skrubu.

Basi msomaji, ukiangukia kiganja, nyoosha dole gumba na ubonyeze kishimo kinachojitokeza chini yake. Kikiuma, mkono ufungwe hata kama picha ya kwanza ni safi, na urudi kupigwa nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Samaki mwachie mwenye mtumbwi akushushie.