Gari Lililokula LUKU ya Mama Mkwe

Baba Zuhura alikuwa ameshalinunua lile gari kichwani kabla hatujaulizwa. Mfanyakazi mwenzake anauza BYD Atto 3 yake, gari la umeme, na alikubali tukae nayo mwisho wa wiki tuijaribu. "Tuipeleke Muheza kwa mama, ndiyo mtaielewa." Mkononi ana karatasi ya hesabu. Betri ni ya uniti 60 na ushee. Uniti moja ya LUKU hapa kwetu Dar, kodi ikiwemo, ni kama shilingi 356, kwa hiyo kulijaza kutoka tupu hadi pomoni ni elfu 21 na kitu. RAV4 yetu hunywa lita 30 kufika Muheza, na petroli siku hizo ilikuwa ikicheza kwenye 3,000. Sikuwa na la kupinga. Hesabu ile ilikuwa sahihi, ilimradi gari lilale Dar, kwenye mita yetu.

Na raha linayo, nisiseme uongo. Halingurumi, ukikanyaga linaondoka, na mtu wa nyuma ana pa kunyoosha miguu. Kwenye mifuko ya milango kuna nyuzi tatu za kuzuia vitu visidondoke, na nyuzi zile ukizigusa zinalia kama gitaa. Waliolibuni walikusudia hivyo. Sijui kama wana watoto. Wangu waligundua siri hiyo Kibaha, nasi tukatumbuizwa mpaka Chalinze.

Kiwandani wanaliandikia kilomita 420. Za majaribio hizo. Weka watu watano, mizigo, kiyoyozi na mwendo wa barabara kuu, uone asilimia zinavyoporomoka. Baba Zuhura aliacha kuongea tulipopita Mkata. Segera akazima kiyoyozi, akasema watoto wapate upepo wa asili. Tukaingia uani kwa mama mkwe tukiwa na asilimia tisa.

"Karibuni, wanangu. Gari zuri. Linakula nini?"

"Umeme tu, mama."

Lile "tu" ndilo lililotuponza. Ekstensheni ikapitishwa dirishani hadi soketi ya sebuleni. Ukichaji kwa soketi ya kawaida, gari linavuta kama kilowati mbili, kwa hiyo usiku mzima unapata uniti 20 hivi. Kwa mtu wa Dar ni umeme wa kawaida. Mama mkwe anapika kwa mkaa, ana taa, redio na friji moja ya kugandishia barafu za ubuyu anazouzia watoto wa madrasa, na mita yake siku hiyo ilikuwa na uniti 23. Alizipangia zimfikishe mwisho wa mwezi.

Zilikata kabla ya adhana ya alfajiri. Tulipoamka, mama mkwe ameshika kifuko cha barafu kwa vidole viwili, kimelegea, matone mekundu yanamdondokea kwenye kanga. Hakugomba. Heri angegomba.

Baba Zuhura akakumbuka kwamba gari lile linaweza pia kutoa umeme. Kuna kifaa unachochomeka palepale pa kuchajia, nacho kina soketi. Friji ikaburutwa hadi barazani, ikachomekwa kwenye gari, ikaanza kuvuma. Akageuka kwa mama yake akitabasamu.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, "limechukua umeme wangu usiku, asubuhi linanikopesha?"

Lilikuwa halijafika hata nusu, na Dar iko zaidi ya kilomita 300. Ikabidi tununue tokeni kwa simu, na hapo ndipo karatasi ya hesabu ilipochanika. Mama mkwe yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi ni 350. Nyumba ile haijawahi kuzikaribia 75. Sisi tulizivuka Jumapili mchana, na bibi wa watu akabaki anauliza kama sasa atahamishiwa bei ya wenye pasi na majiko ya umeme.

Sasa machungwa ya kurudi nayo. Buti la gari ni lita 440. Viroba viwili na fenesi, basi. Cha tatu kikakaa miguuni kwa Zuhura, na kwenye tuta la kutokea kijijini tukasikia kitu kikikwaruza chini. Betri iko hukohuko chini. Abiria wote tukashuka, tukavuka tuta kwa miguu, na Baba Zuhura akalivusha taratibu peke yake.

Kwa safari za mjini, kazini, shule na Kariakoo, ningelichukua kesho. Baba Zuhura bado anasema linajilipa. Mama mkwe ameshapiga simu mara mbili kuulizia: kama tunalinunua, tukija Idd tuje na mita yetu, na nguzo yake.