Mwacheni Mhandisi Abaki Ofisini

Wahandisi wanaotengeneza mvinyo pembeni wana lalamiko moja wanalolirudia kama kiitikio: ajira inawala muda. Zabibu zinaiva Jumanne, saa ileile mtambo wa mteja unapogoma. Dumu linaanza kufurika povu usiku wa kuamkia kikao cha bajeti. Wanaamini kwamba wakistaafu mapema mvinyo wao utakuwa bora. Mimi nadai kinyume chake. Ajira ndiyo mlinzi mkuu wa mvinyo huo, kwa sababu humtoa mhandisi nyumbani siku tano kwa wiki na kuiachia hamira nafasi ya kufanya kazi bila msimamizi.

Tazama yanayotokea akiwapo. Mhandisi amefunzwa kwamba kasi ikishuka kuna hitilafu. Mapovu yakipungua, hafikirii kwamba sukari inakaribia kwisha, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa, anatafuta kosa. Anafungua kifuniko, anachungulia, anaonja, anapima, anafunga. Kesho tena. Sasa, juisi inapochachuka kwa nguvu hutoa hewa ya kaboni nyingi, zaidi ya lita 50 kwa kila lita ya juisi tamu, na hewa hiyo huufunika mvinyo ukasalimika. Kasi ikishapungua, blanketi hilo halirudi upesi, na kila kufungua ni kuwakaribisha bakteria wa siki, viumbe wasiotaka kingine zaidi ya pombe na oksijeni. Mwisho wake familia inapata siki ya kutosha kachumbari ya harusi tatu, pamoja na jedwali safi la kompyuta linaloonyesha, kwa desimali mbili, jinsi maafa yalivyoendelea. Wapo pia wanaofunga sensa ya joto yenye king'ora kwenye simu. King'ora hulia katikati ya kikao, bosi anauliza kama ni moto, na jibu la kweli, kwamba ni zabibu, halimsaidii mtu kupandishwa cheo.

Ushahidi wangu uko kwenye milima ya Santa Cruz, California. Mwaka 1959 wahandisi kadhaa wa Stanford Research Institute, wakiwemo Dave Bennion, Hewitt Crane na Charles Rosen, walinunua shamba la mizabibu la Monte Bello, wakawa wanakwenda na familia zao mwisho wa wiki. Mwaka huohuo wakakamua kidogo kwa kujaribu, na 1962 kiwanda chao cha mvinyo, Ridge, kikaanza rasmi. Hawakuwa watu wa kukubali mambo yajiendee. Rosen ndiye aliyeongoza kazi iliyomzaa Shakey, roboti iliyoitwa hivyo kwa jinsi ilivyotetemeka ikitembea. Mtu aliyetumia miaka kuifundisha mashine kukwepa maboksi angewezaje kupita kando ya pipa bila kulirekebisha? Kilichomzuia ni kwamba Jumatatu alitakiwa maabara. Mvinyo wa miaka hiyo ya mwanzo ulikuwa mzuri kiasi cha kumvuta Paul Draper ajiunge nao 1969, na ule wa zabibu za 1971 ulishika nafasi ya tano kati ya mivinyo myekundu kwenye shindano la Paris la 1976. Uliporudiwa kuonjwa 2006, ukawa wa kwanza. Miaka thelathini ya kuachwa chupani, bila kuguswa na mhandisi yeyote!

Atasema mtu: lakini Bennion aliacha uhandisi mwaka 1967 akauhudumia mvinyo muda wote. Kweli, ila kufikia hapo Ridge ilikuwa biashara, na biashara ina wadeni, lebo na malori, hayo hayajiendeshi. Tena waliyemkabidhi utengenezaji wenyewe, huyo Draper, alikuwa amesomea falsafa. Wengine watasema maganda yanayoelea juu ya mvinyo mwekundu lazima yabonyezwe kila siku, la sivyo yatakauka na kuoza. Ni kweli pia, lakini yanaweza kuzamishwa chini ya wavu wa mbao na kukaa huko, na wavu hauombi ruhusa kazini. Pingamizi ninaloliogopa ni la chupa. Gramu 4 tu za sukari iliyobaki kwa lita, zikichachuka ndani ya chupa iliyozibwa, huleta mgandamizo wa karibu anga moja. Zikifika 24, chupa ya kawaida imebeba mzigo wa shampeni bila unene wake, na kabati la vyombo huamka saa nane za usiku. Hapo namhitaji mhandisi na kipimo chake cha sukari. Apime siku ya kujaza chupa, ashukuriwe, aende zake.

Dodoma hali ni ngumu zaidi, kwani huko mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mhandisi wa serikali aliyehamia makao makuu na kununua ekari yake ya pembeni ana misimu miwili ya kishawishi, na wa pili unaangukia baada tu ya mwaka mpya wa fedha kuanza, likizo zikiwa bado zimejaa. Akiandika barua ya kuomba siku 28 ili akae karibu na pipa lake, ofisa utumishi amkatalie, kisha atume mtu akaonje Desemba.