Jinsi ya Kutafiti Kibanja Kimoja Mara Tatu

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekwisha kulipa ada ya uzamivu na sasa anahangaika kutafuta mada. Usiende mbali. Kibanja kimoja cha Mhaya mkoani Kagera, chenye migomba, mibuni chini yake na makaburi ya mababu ubavuni mwa nyumba, kinatosha kuzaa shahada tatu za uzamivu: ya uchumi, ya sheria na ya insia. Sharti ni moja tu: watafiti hao watatu wasisome kazi za wenzao. Wakisoma, mambo yataharibika, kama utakavyoona mwishoni.

Hatua ya kwanza: chagua kitivo kabla ya swali

Wasiojua taratibu huanza na swali. Kwa nini kaka ana kibanja na dada hana? Hilo ni kosa la kishamba. Msomi huanza na jengo. Ukiwa kwenye jengo la uchumi, utauliza kibanja kinaingiza kiasi gani. Ukiwa kwenye jengo la sheria, utauliza nani ana mamlaka ya kukiuza. Ukiwa kwa watu wa insia, utauliza kibanja kinakumbukwaje, na nani, na kwa nini wimbo mmoja unakitaja na mwingine umekaa kimya. Akitokea mtu anayetaka kuuliza yote matatu, mkumbushe kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote, kisha mwonyeshe fomu ya usajili. Ina nafasi ya idara moja.

Hatua ya pili: kusanya mihuri

Kabla hujamwona mkulima, sharti uonwe na serikali. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, au na chuo chako kwa niaba yake. Ukikipata, unaanza safari ya kushuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi ina muhuri wake, na kila muhuri una mtu aliyetoka kidogo. Utakapofika kwa mwenye kibanja, barua yako itakuwa na wino mwingi wa mihuri kuliko wa maneno.

Usilalamike. Hii ndiyo hatua pekee ambayo mchumi, mwanasheria na mtu wa insia hukutana, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja la mbao wakimsubiri afisa mmoja.

Hatua ya tatu: ukiwa mchumi, usimsikilize mtu mmoja

Mtu mmoja ni hadithi. Unaowataka ni mamia, na wote waulizwe maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, mkungu kwa mkungu, kuku kwa kuku. Mfano wa kuigwa upo hapohapo Kagera. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Muhimbili walihoji kaya 915 katika vijiji 51 ili kupima vifo vya UKIMWI vinaiacha kaya katika hali gani. Mwaka 2004 wahojaji wakarudi, wakawafuata watu walewale walikokwenda, mijini na hata Uganda. Zile kaya 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakafuatwa tena. Kuna wanaukoo wasiotafutana kwa bidii kiasi hicho hata wakati wa kugawana mirathi.

Mzee yeyote wa Bukoba angekwambia bure kwamba aliyeondoka kijijini ana hela kuliko aliyebaki. Mjibu kwa upole kwamba hajakokotoa. Na kweli hajakokotoa. Mzee hawezi kujua kama vijana walifanikiwa kwa sababu walihama, au walihama kwa sababu walikuwa na nafasi nzuri tangu mwanzo. Wachumi Beegle, De Weerdt na Dercon, katika makala yao ya mwaka 2011 kuhusu kaya hizohizo, waliwalinganisha watu waliotoka kaya moja, huyu akahama na yule akabaki. Wakakuta kwamba kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia kwenye ukuaji wa matumizi ya aliyehama. Sasa mzee ana ubishi, na wewe una namba. Katika uchumi, mwenye namba ndiye huongea mwisho.

Jihadhari na jambo moja: kuuliza “kwa nini”. Dodoso halina nafasi hiyo. Lina kisanduku cha “Nyinginezo (taja)”, ambamo maisha ya mtu huandikwa kwa maneno matatu, kisha karani huyageuza kuwa tarakimu. Ukifika wakati wa kuandika makala, andika na wenzako. Wachumi wana desturi ya kupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo kama unaitwa Zuberi, usishirikiane na Abdallah hata kama ni rafiki yako wa tangu utotoni.

Hatua ya nne: ukiwa mwanasheria, usiende kwenye kibanja

Kibanja kitakuja chenyewe, ndani ya jalada. Kimekwisha kuja. Tarehe 24 Agosti 1988, Holaria Pastory, mama mzee aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephraim, akafungua kesi: kwa mila ya Wahaya, mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na kijana. Mahakama ya Wilaya ikakubaliana na shangazi. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo sasa ina Sheria ya Haki za Binadamu inayokataza ubaguzi, na kwamba mauzo ni halali.

Hapo una kazi ya miaka mitano bila kukanyaga tope. Ichambue hukumu aya kwa aya. Eleza kwamba mila inayobishaniwa imo katika tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, na kwamba kabla ya hapo, mwaka 1945, Cory na Hartnoll walikwisha kuzikusanya sheria za kimila za Wahaya kitabuni. Usijiulize ilikuwaje jambo ambalo wazee walilibishania barazani, leo hivi na kesho vile, likageuka kifungu chenye namba. Hilo ni swali la watu wa insia, nao wana posho yao. Malizia kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoandika wazi haki sawa za wanawake, kisha weka tanbihi nyingi hadi matini ijisogeze juu ya ukurasa kuzipisha.

Ukitaka kuchapisha Marekani, tulia. Majarida mengi ya sheria ya vyuo vikuu vya huko huhaririwa na wanafunzi. Yaani profesa mwenye mvi anasubiri kwa wasiwasi uamuzi wa kijana ambaye angeweza kumfelisha. Hakuna taaluma nyingine yenye demokrasia ya namna hii, wala inayoiomba.

La msingi, usifuatilie shangazi aliishije baada ya kushinda. Hukumu huishia kwenye saini ya jaji. Yanayoendelea baada ya hapo ni ushahidi wa kusikia.

Hatua ya tano: ukiwa mtu wa insia, kaa

Hapa mambo yanageuka. Mchumi alitaka mamia, wewe unamtaka mmoja, na unamtaka kwa muda mrefu. Kaa kwenye ukumbi wa mzee. Usiulize “ngapi”. Ukiona ana enanga, zeze lile lililochongwa kama beseni la mti, nyamaza hadi alipige.

Ukimya huo una faida. Mwaka 1970, Ruth Finnegan alitoa kitabu kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, ambamo alitilia shaka kama bara hili lina utendi wa kweli. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda kuwasikiliza wapiga enanga wa Buhaya, akarudi na tendi zenye mashujaa, vita na wafalme, na tasnifu ya uzamivu juu yake. Miaka ileile ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alisikiliza masimulizi ya wazee kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mahali pake, Katuruka. Alipochimba pale walipomwelekeza, akakuta mabaki ya uhunzi wa chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili. Mahakama ingeyakataa masimulizi hayo kama ushahidi wa kusikia. Jembe lilikuwa na maoni tofauti.

Lakini wewe usijisifu kwa lugha inayoeleweka hivi. Kichwa cha tasnifu yako kiwe na nukta pacha katikati: upande wa kushoto maneno matamu, upande wa kulia maneno ambayo msimamizi wako ndiye aliyeyaongeza. Tumia “kumbukumbu”, “utambulisho” na “ukinzani” katika kila sura. Akikuuliza mchumi sampuli yako ilikuwa ya watu wangapi, mtazame kwa huruma.

Hatua ya sita: jua kuuliza swali kwenye semina

Semina ni mahali ambapo kila taaluma huthibitisha kwamba haikumsikiliza msemaji. Mchumi hasubiri mwisho. Hukatiza kwenye slaidi ya pili akitaka kujua kipi kimesababisha kipi. Mwanasheria husubiri, kisha huuliza: kwa mujibu wa kifungu gani? Mtu wa insia husema kwamba hana swali bali maoni, na maoni yake yana sehemu tatu, na ya tatu ina utangulizi. Mwenyekiti atakapotangaza chai na sambusa, hapo ndipo makubaliano ya kitaaluma hupatikana.

Hatua ya saba: andika mapendekezo

Sura ya mwisho haihitaji utafiti. Mchumi apendekeze sera. Mwanasheria apendekeze marekebisho ya sheria. Mtu wa insia apendekeze kwamba jambo hili ni tata kuliko tulivyodhani. Wote watatu wamalizie kwamba utafiti zaidi ufanyike, maana kila mmoja ana mwanafunzi anayesubiri.

Onyo

Kuna watu hawakufuata mwongozo huu, na madhara yake yanajulikana. Walter Rodney, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu cha jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika iwe nyuma kimaendeleo, na hadi leo wachumi hawajui wakiweke rafu gani. Issa Shivji, mwanasheria, aliandika mwaka 1976 juu ya matabaka nchini Tanzania. Mwaka 1991 akapewa uenyekiti wa tume ya rais kuhusu ardhi, akazunguka nchi akiwasikiliza wanavijiji, kazi ambayo mwanasheria mwenye adabu humwachia karani.

Ukiwasoma watu hao, utaanza kuona mambo. Utaona kwamba hukumu ya Mwanza ilitoka mwaka 1990, na wale wahojaji wa dodoso wakaingia vijiji vya Kagera mwaka 1991, wakati UKIMWI ukiwaacha wajane wengi kwenye vibanja vya koo za waume zao. Utajiuliza kama hukumu ile ilimfikia mjane yeyote. Mwanasheria anajua hukumu inasema nini, ila hajui nani aliisikia. Mchumi anajua kaya ile ilibaki na ardhi kiasi gani, ila hakuuliza nani aliikatalia ukoo. Mtu wa insia anajua kwa nini ukoo haukubali kuuza mahali walipozikwa wazee wake, ila hana orodha ya waliouza. Kila mmoja ana theluthi ya jibu, na ameitetea mbele ya jopo akapongezwa.

Basi ukishindwa kujizuia, vunja sharti la mwanzo. Vuka uwanja, ingia jengo la jirani, soma tasnifu yao, na ukubali kuonekana mjinga kwa muhula mmoja. Na ukimaliza, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, uupeleke kwa mwenye kibanja. Amekwisha kuhojiwa mara tatu. Ana haki ya kujua alisema nini.