Kete 80 Baoni
Upangaji programu wa kifanksheni ni mtindo ambamo kazi yote hufanywa na fanksheni, yaani kanuni zinazopokea thamani na kurudisha thamani nyingine bila kugusa zilichopokea, na huenda ndiyo sababu wafuasi wake huzungumza kwa utulivu wa watu ambao hawajawahi kupoteza ufunguo. Thamani ikishaundwa haibadiliki. Anayetaka nyingine huunda nyingine. Safu, hata hivyo, ambayo ni mfululizo wa thamani zilizopangwa kwa namba katika kumbukumbu ya kompyuta, huwatia majaribuni hata walio wacha Mungu katika mtindo huu, kwa kuwa kunakili vyumba milioni moja ili kubadilisha kimoja ni uadilifu wa gharama kubwa. Lugha ya OCaml, iliyotoka katika taasisi ya utafiti ya INRIA nchini Ufaransa mwaka 1996, haikutaka kumtesa mtu: safu zake hubadilika papo hapo, na mtumiaji huachiwa adabu zake mwenyewe.

Matokeo ya ukarimu huo huonekana vizuri katika programu ya mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane, na mwandishi wa programu, akiona kwamba mistari yote huanza ikiwa mitupu, hutengeneza mstari mmoja wenye sufuri nane, kisha huiomba fanksheni iitwayo Array.make ijaze mstari huo mara nne. Ombi hilo ni fupi, linapendeza, na mkaguzi wa aina, ile sehemu ya lugha inayohakiki kwamba namba haikuwekwa panapotakiwa neno, hulipitisha bila swali. Kinachofanyika ni kwamba OCaml hukokotoa mstari mara moja tu, kisha huandika anwani yake, yaani mahali ulipo katika kumbukumbu, katika nafasi zote nne, kwa hiyo bao zima lina mashimo manane yanayotazamwa kupitia madirisha manne.

Wachezaji hawana habari. Kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba yake, yaani shimo lake kuu la mstari wa mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia, huku 22 zikibaki mkononi; na kwa kuwa wawili hao hukaa wakitazamana, mashimo yao hayagongani kwa namba, hivyo mstari ule mmoja hupokea kete 20 bila malalamiko. Skrini huonyesha kete 20 katika kila mstari, ikiwamo ile ya nyuma iliyopaswa kuwa mitupu, jumla 80, na zikiongezwa 44 za mkononi hupatikana kete 124 katika mchezo wenye kete 64. Mtu anaweza kuudhani utajiri huo kuwa baraka mpaka mchezaji wa kwanza ale: akizoa kete za mpinzani katika shimo linaloelekeana na lake, lake nalo hubaki tupu.

Kosa hili huwapata hasa waliofundwa vizuri. Thamani zisipobadilika, hakuna namna ya kujua kama sufuri mbili ni sufuri moja iliyoonwa mara mbili, wala hakuna haja ya kujua, na lugha za kifanksheni hujivunia kushirikisha thamani moja kila inapowezekana. Akili iliyozoea hivyo huacha kuuliza kitu ni kilekile au ni mfano wake. Kabla ya kete ya kwanza hata majaribio hayasaidii, kwani alama ya = hulinganisha yaliyomo na kuthibitisha kwamba mistari yote iko sawa, jambo ambalo ni kweli tupu; alama ya == ndiyo huuliza kama ni kitu kimoja, lakini swali hilo, kwa mfuasi wa mtindo huu, linakaribia utovu wa adabu. Tiba ni Array.init, inayopewa fanksheni na kuiita upya kwa kila nafasi.

Aliyetibiwa hivyo hukutana na balaa la pili siku anapotaka kompyuta icheze. Ili kutafakari hatua zijazo, programu hunakili bao kwa Array.copy na kujaribia kwenye nakala, lakini Array.copy hunakili safu ya nje peke yake, nayo ina anwani tu za mistari, kwa hiyo kompyuta iliyodhani inawaza hukuta imeshacheza, tena kwa pande zote mbili. Ni lazima kila mstari unakiliwe nao.

Watumiaji wa Haskell, lugha ya mwaka 1990 yenye msimamo mkali zaidi, hupenda kucheka hapa. Mwaka 1994 John Launchbury na Simon Peyton Jones walieleza njia ya kuruhusu mabadiliko ndani ya ukokotozi huku aina zikizuia kitu kinachobadilika kisitoroke nje. Ukuta huo ni imara, ila aliyeweka mstari mmoja mara nne ndani yake bado anao mmoja. Clojure, iliyotolewa mwaka 2007, hutumia vekta zisizobadilika zilizojengwa kama mti ambao kila kifundo chake kina nafasi 32, idadi ileile ya mashimo ya bao, sadfa ambayo pengine hakuna aliyeikusudia.

Kusema kweli, bao halikuhitaji safu ndani ya safu. Safu moja ya namba 32 inatosha, kwa kuwa namba zenyewe hazibadiliki, na Array.copy huinakili kikamilifu. Mashimo yakihesabiwa kuanzia mstari wa juu, shimo la mpinzani hupatikana kwa kutoa 8 katika namba ya shimo la mbele la mchezaji aliye chini, na kwa kujumlisha 8 kwa aliye juu. Aliye chini akijumlisha hujikuta amekula mstari wake mwenyewe wa nyuma, na kosa hilo hakuna lugha iliyowahi kudai kulizuia.