Sifa za Helikopta ya Rimoti

Singida imeshasifiwa vya kutosha. Kuku wake wa kienyeji wanasifiwa hadi Dar es Salaam, tena na wauzaji ambao kuku wao hawajawahi kuvuka Morogoro. Mafuta ya alizeti yamepangwa kwenye madumu kandokando ya barabara kuu, yanajisifu yenyewe. Vitunguu vinaondoka kwa malori, asali ya Manyoni na Itigi ina wateja wake, na mji una maziwa mawili, Singidani na Kindai, ambayo hakuna mgeni anayeondoka bila kuyapiga picha. Anayetaka kusifia kitu mkoani humu anakuta wenzake wamemaliza. Ndiyo maana nimechagua kitu ambacho sijamsikia mtu akikitolea neno jema, hata yule aliyekinunua: helikopta ya rimoti, ile ya kuchezea watu wazima, yenye mapanga ya urefu wa rula na uzito usiofika kilo moja.

Najua wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa hakuna hatari hiyo. Helikopta hii imesifiwa, imetukanwa, imebembelezwa na kuombewa dua, na haijabadili msimamo. Inataka kuanguka. Kinachobishaniwa ni siku tu.

Uzuri wake mkuu ni kwamba haifanyi kazi yoyote. Mwaka 2016 droni zilianza kuipiga picha Zanzibar nzima kutoka angani ili ichorwe ramani mpya. Mwaka 2018 droni ya kampuni ya Kijerumani, Wingcopter, ilikuwa inapeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Hongera zao, lakini kitu chenye faida hakihitaji sifa, kinajilipia. Droni ukiiachia rimoti inatulia pale pale hewani na kukungoja, kwa adabu kabisa. Helikopta ukiiachia haikungoji.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama kututazama tukifanya mazoezi nje ya mji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hiyo inapuliza dawa?"

"Hapana, mzee."

"Inafukuza kwelea kwelea?"

"Hapana."

"Basi inapiga picha."

"Haina kamera, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Bei yake?"

Tukamtajia. Akawageukia mbuzi wake, na macho yake yakatembea taratibu kutoka mbuzi wa mbele hadi katikati ya kundi, yakasimama hapo.

"Na inakaa juu muda gani?"

"Dakika sita, mzee, upepo ukikubali."

"Mmeoa ninyi?"

Mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Watoto wana imani zaidi. Wakiiona wanapiga kelele "Chopa! Chopa!" na kukimbia kukusanyika, maana tangu Chadema walipozunguka na helikopta kwenye kampeni za mwaka 2005, nchi hii inajua kwamba chopa ikitua kuna mtu atashuka na kuahidi jambo. Yetu inatua bila mgombea. Haiahidi maji, haiahidi lami, wala haimsemi mwenzake vibaya. Katika historia ya chopa Tanzania, sidhani kama kuna iliyosema uongo mdogo kuliko yetu.

Sasa tuje kwenye ufundi wake, maana hapa ndipo sifa zinapostahili kukolezwa. Ndege ya mabawa imeumbwa iruke. Rubani anachofanya ni kuielekeza. Helikopta imeumbwa igombane. Mapanga yakizunguka upande mmoja, mwili unataka kuzunguka upande wa pili, hivyo kuna mapanga madogo mkiani ya kuuzuia. Hayo madogo yakiuzuia mwili usizunguke yanaisukuma na ndege nzima pembeni, hivyo inabidi ilale kidogo kuelekea upande mwingine. Ukiongeza nguvu ili ipande, mwili unavutwa zaidi na mkia unadai nyongeza. Kila tatizo lina dawa, na kila dawa inazaa tatizo dogo lenye sura ya mama yake. Siku hizi jairo ya kielektroniki inahisi mkia ukianza kwenda kombo na kuurudisha kabla hujapepesa macho. Mjerumani Dieter Schlüter hakuwa na jairo za namna hiyo alipoirusha yake mwaka 1970 kwa karibu nusu saa. Sisi tuna jairo, tuna kompyuta ndani ya rimoti, na tunaruka dakika sita. Maendeleo hayo.

Nchi imejengwa juu ya neno "itashika tu". Bomba limefungwa kwa mpira wa baiskeli, itashika tu. Kioo cha daladala kimebanwa kwa kadibodi, na kweli kinafika Manyoni. Helikopta ni mahali pekee ninapopajua ambapo neno hilo halina mamlaka. Kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma inatakiwa ipakwe gundi ya nati, ile ya buluu, tone moja. Usipopaka, mtikisiko utaifungua kidogo kidogo, na itatoka ndege ikiwa juu, kamwe haitoki ikiwa mezani. Fundi simu mmoja wa mjini, anayefufua simu zilizozama kwenye ndoo, alishika bisibisi kwa ajili ya helikopta na ndani ya wiki akaanza kuhesabu skrubu kabla ya kufunga kifuniko. Mke wake alidhani anaumwa.

Kusetia kwake ni ibada. Kwanza mapanga yanapimwa: jozi inafungwa kwa bolti moja katikati, bolti inalazwa juu ya midomo ya vikombe viwili vya chai, na panga litakaloinama ndilo zito. Lile jepesi linabandikwa kipande cha utepe, unapima tena, unapunguza utepe kwa mkasi, unapima tena, na chai iliyopaswa kuwa ndani ya vikombe inapoa kwenye sufuria. Yakilingana, unabandika utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja, unawasha, unarudi nyuma hatua kadhaa na kutazama kwa upande. Ukiona duara moja jembamba, shukuru Mungu. Ukiona mawili, jekundu juu na jeusi chini, zima, subiri yasimame, ng'oa kiungo cha panga lililopanda, kizungushe mara moja, kirudishe, washa tena. Sasa jeusi liko juu. Tofauti yenyewe ni ya unene wa sarafu, lakini mashine inatikisika kwa sababu hiyo mpaka miguu yake inatembea yenyewe ardhini. Nimeona watu wazima, wenye mikopo benki, wakisalimiana kwa furaha kwa sababu maduara mawili ya rangi yamekuwa moja.

Tena Singida inaongeza utamu wake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na hewa ya urefu huo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 14. Saa saba mchana jua likishapasha mawe, upungufu unakaribia asilimia 20. Binadamu haoni tofauti, anakula ugali wake vizuri. Mapanga yanaona. Ndege iliyosetiwa ufukweni inakuja huku inahema: inabidi mapanga yainuliwe pembe zaidi, mota inapata joto, na zile dakika sita zinakuwa tano. Mtengenezaji hakuandika hayo kwenye kijitabu, na si haki kumdai awe ameisikia Singida.

Kisha upepo. Ni upepo huo huo uliowafanya wawekezaji wapange kwa miaka mingi kuzalisha umeme wa upepo mkoani hapa. Mipango imekaa, upepo haujakaa. Ikifika saa tatu asubuhi umeshaamka, na kiangazi unakuja na kisulisuli kinachobeba vumbi na mifuko hadi juu ya miti. Kwa hiyo helikopta hurushwa alfajiri, saa kumi na mbili, wakati hewa imetulia na ni ya baridi, yaani nzito. Vijana walioshindikana kuamshwa na mama, na jogoo, na adhana, sasa wako uwanjani kabla ya jua. Sijui taasisi nyingine iliyofanikiwa hivyo kwa vijana wa umri ule.

Kujifunza kuirusha kuna daraja zake. Mwenye busara anaanza kwenye kompyuta, kwa programu za kuigiza urukaji, ambako kuanguka ni bure. Kisha anafunga vijiti viwili kwa msalaba chini ya miguu ya ndege, kila ncha na mpira wa plastiki, ili isipinduke ikigusa chini kwa hasira. Anaiinua kiasi cha goti, mkia ukimwelekea yeye. Karibu na ardhi inatelezea kwenye upepo wake yenyewe, hivyo anajifunza kuipandisha zaidi, jambo linalopingana na kila mshipa wa woga alio nao. Akishaweza hapo anaigeuza imtazame usoni, na dunia inapinduka: kushoto kumekuwa kulia, mbele kumekuwa nyuma. Dereva wa lori anayeshuka mlima Sekenke usiku huku akisimulia mechi ya Singida Black Stars alishika rimoti kwa hatua hii, akatoa jasho hadi kwenye nyusi, akairudisha kwa mikono miwili na kusema yeye ana familia.

Kuku nao wana maoni yao. Kuku wa kienyeji anamjua mwewe kwa kivuli, na kivuli cha helikopta kinamtosha. Mama kuku anatoa mlio ule mfupi, vifaranga wanapotelea chini ya mkokoteni, jogoo anakumbuka shughuli ndani ya banda. Ni zoezi la dharura bila gharama: mwewe anayekuja kila asubuhi na hajawahi kuondoka na kifaranga hata mmoja. Mama mwenye kuku hakuiona hivyo. "Mwanangu, mpeleke mwewe wako huko!" alisema, ufagio mkononi, na mwewe akapelekwa.

Alikopelekwa ni kando ya shamba la alizeti. Watengenezaji wanapaka kichwa cha helikopta rangi ya njano kali ili rubani aione mbali angani, na pia aipate haraka ikianguka. Ni wazo zuri kwao Taiwan. Mwezi wa tatu, Singida ikiwa imechanua, ukiangusha kitu cha njano kwenye ekari tano za njano umekitoa sadaka. Tulitafuta mstari kwa mstari, tukikumbatiwa na majani yenye manyoya na kufukuzana na nyuki, mpaka mwenye shamba akaja na swali la haki kabisa: nani atalipa mashina yaliyovunjika? Tangu hapo wengine wamepaka zao rangi ya waridi. Inaonekana vizuri sana. Heshima ya mwenyewe mtaani ni suala jingine.

Betri nayo inastahili ubeti wake. Ni seli tatu za lithiamu. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3.0 inaanza kufa, na ikilazwa kabatini inataka iachwe kwenye 3.8, haitaki kushiba wala njaa. Ukiikosea inavimba, na ikivimba inaweza kuwaka. Wajuzi wanaichaji ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini, mbali na pazia, na umeme ukikatika wanaunga chaja kwenye betri ya gari. Na tangu Aprili 2016 kanuni za usafirishaji wa anga haziruhusu betri za namna hii, zikiwa peke yake, kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria. Betri ya ndege haipandi ndege. Inakuja kwa meli, inalala Kariakoo, inapanda basi kilomita kama 700, na ikifika mwenyewe anaipokea stendi kwa mikono miwili.

Niseme na hili bila mzaha. Ncha ya panga la kidude hiki inapita kilomita 300 kwa saa, na kubwa zake zinaua: mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alikufa kwa helikopta yake mwenyewe bustanini Brooklyn, New York, naye hakuwa mgeni wa mchezo. Kwa hiyo watoto wa "Chopa!" wanasimamishwa mbali, rubani hairushi karibu na mwili wake, kiwanja cha ndege na heroe wa Singidani wanaachwa kwa amani, na habari za kibali zinaulizwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, kabla, siyo polisi baadaye.

Mtu akiuza gari huficha kasoro. Mwenye helikopta haoni haja. Tangazo huwa lile lile: "Inauzwa, bei maelewano, sababu ya kuuza nasafiri." Hakuna anayesafiri. Mnunuzi anafika, anawekewa boksi mezani: shafti kuu mpya, gia mpya, boriti ya mkia iliyonyooshwa, jozi moja ya mapanga na nusu ya jozi nyingine, mfuko wa skrubu, chupa ya gundi ya buluu ambayo haijafunguliwa. Anageuza hiki, anapuliza kile, kisha anauliza kama inaruka.

"Ilikuwa inaruka," anajibiwa, na kwa jibu hilo nimeona watu wakitoa pesa.