Mshauri na Yaya Aliyeganda

Barua ya wiki hii ina mistari mitatu. Dada mmoja aliyekulia Himbi, mjini Goma, sasa mkazi wa Montreal, anajiita "Yaya Aliyeganda". Januari imemshinda. Anataka wiki mbili kwenye kisiwa chenye joto na anauliza achague Idjwi, kule Ziwa Kivu karibu na nyumbani, au aende moja kwa moja Zanzibar. Hayo tu. Kumletea Mshauri swali la mistari mitatu ni kama kumpelekea fundi wa chukudu gogo zima na kumwomba kijiko: kijiko kitapatikana, lakini uwanja utajaa vumbi la mbao.

Kwanza kabisa, Yaya ameandika mahali panapofaa. Hakuna mtu kati ya Sake na Grande Barrière anayeijua baridi kama Mshauri. Meza yake inatazama ziwa. Mwilini ana puli mbili, na ya tatu imetundikwa mgongoni mwa kiti kwa ajili ya wageni wa heshima. Hajapatikana mgeni aliyefikia kiwango hicho.

Wanaodhani huu ni uongo wa mtu wa Goma wamwulize habari za Mlima Nyiragongo. Mshauri aliupanda enzi zile ambapo kreta yake ilikuwa na ziwa la lava kubwa kuliko yote duniani. Alianzia Kibati, kama kila mtu, na baada ya saa tano za kupanda (sita, akisema kweli) akafika juu, mita 3,470, akiwa amevaa shati la kitenge la mikono mifupi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu anayekwenda kulala kando ya moto mkubwa namna ile abebe koti la nini? Mfukoni alikuwa na samaki, sambaza wa kukaanga, apashe moto. Moto ulikuwepo kweli, mamia ya mita chini shimoni, ukiwapashia mawe. Huku ukingoni upepo ulikuwa na mambo yake. Usiku huo Mshauri alifunikwa blanketi na mbeba mizigo mmoja ambaye jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa bado anadai pesa ya blanketi. Ziwa lile la lava lilitoweka katika mlipuko wa Mei 22, 2021. Baridi ya kule juu haikwenda popote.

Yaya atasema hadithi hii haimhusu. Inamhusu sana. Goma haifiki hata nyuzi 2 kutoka ikweta, na watoto wa shule husoma kwamba ikweta ni jua kali. Kitabu hakiwaambii juu ya ngazi. Kila mtu anapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi, na uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari. Zidisha, kisha toa: aliyeacha nyuzi 29 ufukweni mwa bahari hukuta nyuzi 20 huku. Ndiyo sababu usiku wa Julai mama wa Birere huvuta mbabula ya makala karibu na miguu, wakati binamu yake wa Kalemie, kule Tanganyika, analala dirisha wazi.

Mtu wa kwanza kukosea safari hii ana jina. Gustav Adolf von Götzen, bwana mkubwa wa Kijerumani, aliondoka Pangani mwezi wa Desemba 1893, pwani yenye minazi, maji ya vuguvugu na Unguja upande wa pili. Akatembea miezi mingi kuelekea bara, na mwaka 1894 akafika Kivu, akapanda Nyiragongo pia. Yaani alikuwa na likizo ya Yaya mkononi, akaiacha, akaja kutetemeka kwetu. Angekuwa amemwandikia Mshauri kwanza, historia ya eneo hili ingekuwa fupi zaidi. Mshauri hakuwa amezaliwa, ila hilo anaona ni jambo dogo la utaratibu.

Sasa Idjwi. Hapa Mshauri anavua kofia, moja kati ya mbili. Barani Afrika ni Ukerewe pekee, kule Ziwa Victoria, kinachoishinda Idjwi kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa. Mananasi yake yakifika sokoni Goma yanajitangaza kwa harufu kabla ya muuzaji kufungua mdomo. Wajerumani walikitamani hata wakakiteka Septemba 1914, vita ikiwa bado changa. Boti za kwenda Bukavu hupita kando yake. Viboko hakuna, mamba hakuna. Mtu anayetafuta utulivu, migomba na kahawa ataupata pale, na wenyeji watamsalimu bila kumwuliza mzigo.

Lakini joto? Milima ya Idjwi inapita mita 2,000. Mshauri alikwenda mara moja akiwa na miwani ya jua na kandambili, akarudi na miwani ya jua na kikohozi.

Mfano bora wa kuishi ziwani ni sambaza. Watu wa Goma humla na bugali kana kwamba alikuwepo tangu dunia iumbwe, kumbe ni mgeni: alihamishwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kimo cha ziwa alikotoka ni karibu nusu ya kile cha Kivu, na maji yake ni ya joto zaidi. Alifika bila koti, akazaa, akajaza mitumbwi ya watu. Hadi leo hakuna sambaza hata mmoja aliyeandikia safu hii kulalamika. Yaya na atafakari hilo akiwa anangoja basi huko Montreal, nyuzi 10 chini ya sifuri.

Akishindwa kutafakari, Mshauri ana dawa yake mwenyewe. Kivu ni ziwa la ajabu: kina chake kinakaribia mita 480, na tofauti na maziwa mengi, maji ya chini kabisa yana joto zaidi kidogo kuliko ya juu, yapata nyuzi 26. Mshauri amechora bomba. Linaingia hadi sakafuni, linavuta yale maji ya moto, linayamwaga katika karai kubwa ufukweni Himbi, na Yaya anaketi ndani akila nanasi. Mhariri alipouona mchoro alinyamaza muda mrefu, kisha akakumbusha kwamba maji hayohayo yamebeba kilomita za ujazo 60 hivi za methani na 300 hivi za kaboni dayoksaidi, na kwamba Wanyarwanda wa Karongi wanaovuta methani hiyo kuzalisha umeme hutumia mitambo na wahandisi, si karai. Mchoro umewekwa kabatini. Mshauri anaamini wivu ulihusika.

Kuhusu gesi, neno moja bila mzaha. Yaya akipita nyumbani na watoto, asiwaache wacheze kwenye mabonde madogo na mashimo ya mawe meusi ya lava, hasa alfajiri isiyo na upepo. Mazuku hukaa humo: kaboni dayoksaidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, haina rangi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, wakati mtoto au mbuzi aliye chini hainuki tena.

Mzaha urudi. Mhariri anagonga mlango, anasema nafasi imebaki ya vidole viwili, na Mshauri ndiyo kwanza alitaka kueleza jinsi puli inavyofuliwa bila kupungua.

Basi, kwa haraka: Zanzibar. Januari ni msimu wa kaskazi, jua kali, mvua za masika bado hadi Machi. Asikubali kudanganywa kwenda Julai, wakati wa kipupwe, ingawa kipupwe cha Unguja kwa mtu wa Montreal ni jiko. Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje hulipia bima ya safari, dola 44. Ailipe kabla hajapanda ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, safari zilihamia Kigali, kwa hiyo nyumbani aje kwa njia hiyo, apite mpakani, asalimie wazazi siku nne, apande boti aione Idjwi akiwa amevaa kila kitu alichokuja nacho, kisha arudi Kigali aelekee baharini.

Koti la Montreal hatalihitaji Unguja. Aliache ofisini kwa Mshauri, ambaye huvaa saizi kubwa na hapendi rangi ya kahawia.